Sufuria Iliyonuna Msimu wa Mboga Mbichi

Jumapili, tarehe 1

Binti yangu msusi kanipa daftari. Kasema, "Baba, badala ya kutusema sisi kutwa, liseme hili. Lenyewe halichoki." Haya, nalisema. Shule mimi sikwenda, shule ndiyo ilikuwa inapita dirishani kwangu ikiomba ukoko. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya mchele na unga, ndiyo maana kila nikiandika nasikia njaa.

Anayesoma ajue anamsoma nani. Mimi ndiye Mwiko. Nilipika kantini ya kiwanda cha blanketi mpaka kiwanda kikazeeka kikafa, mimi nikabaki. Sufuria yangu ya pale ilikuwa pana, upande huu kunanyesha, upande ule watu wanaanika nguo. Karani mmoja alitumbukia humo Jumatatu, tukampata Jumatano, kanenepa. Anayebisha alete karani wake.

Leo mvua ya kwanza imeshuka. Baridi imekwisha, majani yanatoka hata kwenye nyufa za ukuta. Nimepika mchuzi wa nyama na viazi, mzito, unasimamisha kijiko. Mke wangu kala karoti. Mbichi.

Jumatatu, tarehe 2

Karoti tena. Na majani yake.

Jumatano, tarehe 4

Mvua asubuhi, jua mchana. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Nimeingia jikoni nikamkuta kapanga sahani. Karoti, figili zilizokatwa nyembamba, kabichi ya zambarau, hoho la manjano, bitiruti mbichi imechuruzika kama kidole kilichokatwa. Hakuna kilichoona moto. Kakaa mbele ya sahani anaitazama kama picha ya harusi.

Nikamuuliza, "Bibie, hiyo ni chakula au ni pazia?"

"Chakula."

"Nani kakufundisha?"

Akasema alikuwa mlangoni Jumapili mvua ilipokatika, akamwona mbuzi wa jirani anatafuna majani mapya pale ukutani. "Nikaisikia ile sauti mpaka huku," akasema. "Krup, krup. Nikaitamani."

"Kwa hiyo mwalimu wako ni mbuzi."

"Mbuzi hajawahi kunitukana mezani."

Kaendelea kutafuna. Nyumba nzima inalia krup krup kama kuna farasi amepanga chumba. Mimi, niliyelisha kiwanda, nimeshindwa na mbuzi wa jirani, ambaye hata kamba yake kaila.

Jumamosi, tarehe 7

Nieleze jambo ili hasira yangu ieleweke.

Ulimi wangu niliuunguza nikiwa kijana, kwenye sufuria ya kwanza ya kiwanda. Nilionja uji uliokuwa unachemka kwa sababu meneja alikuwa anatazama, na mwanamume hatemi mbele ya meneja. Tangu siku hiyo naonja moto, naonja pilipili, chumvi naisikia kwa mbali kama redio ya jirani. Hilo, pale kantini, hakulijua mtu. Nilikuwa napika kwa mkono na kwa bahati, na watu wakawa wanasifu, maana mtu mwenye njaa husifu hata sahani.

Ila mmoja. Alikuwa chumba cha rangi, anachovya nyuzi za blanketi, mikono yake myekundu mpaka kiwikoni. Akaja kwenye foleni, akaonja mchuzi wangu palepale amesimama, akasema, "Bado."

Watu wakacheka. Nikakasirika nikatia chumvi. Akaonja tena. "Bado." Nikatia. "Sasa epua."

Kwa neno hilo nikamwoa. Na tangu hapo desturi yetu ni moja: sufuria ikikaribia kuiva, namtilia tone la mchuzi mgongoni mwa mkono, analamba, anasema bado au anasema epua. Mimi bila mkono wake si mpishi, ni mchochea moto tu. Daftari ni la kuandika kweli, basi hiyo ndiyo kweli, na yeyote atakayeitoa nje ya daftari hili nitamkana.

Sasa sikia. Tangu apone yale mafua ya wakati wa baridi, yaliyomlaza mpaka tukaanza kuita ndugu, hajasema bado hata mara moja. Ni epua, epua, epua. Uzeeni hapa nimepata mkono wa dhahabu. Mpishi gani amewahi kufika nilipofika?

Halafu huyohuyo aliyesema epua anakula vijiko viwili, anasukuma bakuli, anakwenda kwenye karoti zake. Ndiyo kinachoniudhi. Angesema mchuzi mbaya, ningemwelewa. Anausifu halafu anauacha, kama mgeni anayesifu nyumba yako akiwa anatafuta mlango.

Jumapili, tarehe 8

Shemeji kaja kula, kama kawaida yake ya Jumapili. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi saa, mtu ambaye maisha yake yote amejua saa ngapi na hajawahi kuwahi popote isipokuwa kwenye sahani yangu.

Kaonja. Kaweka kijiko.

"Shemeji, mchuzi huu umeoga?"

"Una maana gani?"

"Hauna chumvi hata ya kuapia."

"Dada yako kasema epua."

Akamtazama dada yake. Dada yake anatafuna figili, anatazama mvua.

"Basi ni ulimi wangu," shemeji akasema, akaomba chumvi.

Ni ulimi wake, ndiyo. Umeota kutu huko ndani ya saa. Nimemwambia hivyo, naye kaniambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali anazo, shukrani hana.

Jumanne, tarehe 10

Mvua. Kachimba kipande nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa naweka kuni zangu. Kuni zimesogezwa kwenye ukuta, zimelowa. Kapanda figili, saladi na njegere. Nimesimama mlangoni nikamwambia ardhi ile ni ya kuni tangu enzi. Kanipa jembe. Sikulipokea.

Alhamisi, tarehe 12

Moshi wa kuni mbichi umenitoa machozi mchana mzima. Yeye kafungua madirisha, anasema, "Moshi mwingi leo." Ndiyo, mwingi, na vitunguu viliungua chini ya sufuria na yeye alikuwa kakaa hatua chache pale, hakuniambia. Zamani kitunguu kikibadilika rangi tu alikuwa anapiga kelele akiwa barabarani. Sasa akili yake yote iko kwenye kabichi.

Jumapili, tarehe 15

Shemeji kasema mchuzi una chumvi nyingi. Juzi kidogo, leo nyingi. Nimemwambia achague ugonjwa mmoja.

Binti yangu naye kala kidogo akasema ameshiba. Halafu nikamwona jikoni na mama yake wanatupia njegere mbichi mdomoni, wanacheka. Nikaingia, wakanyamaza. Kicheko cha watu wawili kinachokatika ukiingia wewe, hicho si kicheko, ni mashtaka.

"Mnanicheka?"

"Hapana, baba. Njegere inapasuka puu, ndicho tunachocheka. Onja."

"Nina meno manne na hayasalimiani. Nionje nini?"

Nikachukua sufuria yangu nikaisugua kwa mchanga mpaka ikanionyesha sura yangu. Sikuipenda.

Jumatano, tarehe 18

Amenyooka mgongo, uso umerudi rangi. Namwona. Sisemi kwamba mboga zimemdhuru, nasema zimenidhuru mimi.

Leo nimemjaribu. Nimepika mchuzi wa kuku kwa namna ile aliyoipenda siku za mwanzo, ile iliyokuwa inamfanya alambe mwiko nikigeuka. Nikamtilia tone mkononi. Hakunitazama mimi, katazama tone. Kalilamba taratibu.

"Epua."

"Ukoje?"

"Mzuri."

"Mzuri kivipi?"

"Mzuri kama kawaida yako, mzee. Epua, usije ukaungua."

Kala vijiko viwili. Nimekwenda kumpa mbuzi wa jirani bakuli lililobaki, ili na yeye aonje anachokishinda. Mbuzi kanusa kaondoka.

Jumamosi, tarehe 21

Habari kubwa. Wazee wa kiwanda wanakuja Jumapili ijayo, sio kesho, ile ya mwisho wa mwezi. Wote tuliobaki, na hatujabaki wengi. Mfua vyuma kapita hapa kusema wameamua: watakula kwangu, hakuna kwingine, wanataka mchuzi wa kantini kabla hawajafa. Kasema hivyohivyo, kabla hatujafa, kama anayeagiza soda.

Nimemwambia waje na shati pana.

Sasa tutaona. Nitapika mbele ya watu wanaojua, na mke wangu atakula mbele yao, bakuli zima. Nimemwambia wazi. "Siku hiyo sitaki mboga mbichi mezani. Hata jani moja la kupepea nzi."

Kasema, "Sawa, mzee."

Hakubisha. Hilo nalo limenikera.

Jumanne, tarehe 24

Mvua kutwa. Figili zake zimetoa vichwa vyekundu juu ya udongo, kama wazee wenye upara wanaoga. Nimezipita.

Jumapili, tarehe 29

Naandika usiku, sufuria sijaiosha.

Niliamka kabla ya jogoo, kama zamani. Nikakata nyama, nikamenya viazi, nikakaanga vitunguu mwenyewe nikivitazama kwa macho maana pua iliyojaa moshi haisaidii. Sufuria ikaanza kuimba. Nikatia chumvi. Hapo mvua ikashuka ghafla na mashuka yako kambani, nikakimbia, nikarudi nimelowa, nikatia chumvi. Nasema nilivyofanya. Nilitia mara mbili. Wakati ule sikujua, na mpishi wa aina yangu halazimiki kujua, kwa sababu kuna mkono.

Nikamwita. Kaja, kanyoosha mkono. Nikaweka tone. Kalamba.

"Epua."

Nikaepua.

Wazee wakaja. Mfua vyuma na fimbo yake, mlinzi wa geti ambaye sasa yeye ndiye analindwa na wajukuu, na yule mama wa ghala aliyekuwa anatupimia mchele. Shemeji naye, kwa mwaliko wa tumbo lake. Nikawasimulia ya karani, wakacheka pale pale walipokuwa wanacheka zamani. Nikapakua. Nikasimama nyuma ya kiti cha mke wangu na mwiko mkononi kama askari.

Mfua vyuma kaweka kijiko mdomoni. Macho yakamtoka. Kameza, kwa sababu ni mtu wa heshima, kachukua maji. Mlinzi wa geti kachukua maji. Mama wa ghala kajifuta mdomo kwa kitambaa na kitambaa kikabaki palepale mdomoni. Jagi likazunguka meza likarudi tupu.

Nikachota kwenye sahani ya shemeji, nikaonja. Hata huu ulimi wangu wa soli ya kiatu uliruka. Bahari ingeonja mchuzi ule ingeomba maji.

Shemeji kafungua mdomo aniue. Nilikuwa namngojea. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama dada yake.

Mke wangu alikuwa anakula. Kijiko cha tatu, cha nne. Anatafuna, anameza, anachota tena, uso umetulia, hakuna mkunjo. Nilimwambia bakuli zima, na alikuwa anakula bakuli zima. Akainua macho akaona watu wote wamemkodolea, akatabasamu.

"Mtamu, mzee," akasema. "Leo umejishinda."

Hakuna aliyecheka. Shemeji kasema polepole, "Dada, weka kijiko chini." Mke wangu katutazama mmoja mmoja, halafu katazama jagi tupu. Akaelewa. Kaweka kijiko, kaondoka kwenda nyuma ya nyumba, kwenye mvua.

Mama wa ghala kamfuata. Mimi sikumfuata. Nilibaki na mwiko.

Jumatatu, tarehe 30

Sikupika. Hatukusemezana. Mvua.

Jumanne, tarehe 1, mwezi mpya

Kasema yeye wa kwanza, tukiwa bustanini kwake, yeye kachuchumaa na mimi nimesimama kama mwenye nyumba anayedai kodi.

"Uliza basi."

"Tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Kitunguu kikikaangwa?"

"Naona moshi tu. Siku ile kimeungua niliona moshi."

"Na kuku?"

"Nilijua ni kuku kwa mfupa."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijaipata tangu kiwanda kifungwe. Nikamwambia kila epua ilikuwa uongo. Kwamba ameniacha nijisifu kama kichaa, nilishe watu maji leo na chumvi kesho, nimtukane shemeji bure, ingawa hilo silijutii sana. Kwamba kanitia aibu mbele ya watu wote tuliobaki duniani. Nikasema na mengine, yakae huko yalikokwenda.

Kaniacha nimalize. Kang'oa figili, kaipangusa udongo kwa upindo wa kanga.

"Ningekwambia nini?" akasema. "Kila siku unaniletea mwiko, mkono mwingine umeuweka chini yake usidondoshe, unanitazama mdomoni. Ningekwambia sionji, ungezima moto siku hiyohiyo. Ungekaa kwenye kile kiti, na kiti kingekuzika. Nakujua."

"Kwa hiyo ukaamua mbuzi."

"Mchuzi mdomoni mwangu ni tope la vuguvugu, mzee. Nakwambia ukweli. Naogopa kuumeza, sijui ni kitu gani. Nilidhani nimekwisha kula duniani, imebaki kuweka tu tumboni. Halafu nikamsikia yule mbuzi." Akaing'ata figili. Krup. "Hii inaniambia iko hapa. Inalia. Na kabichi nikiikata naona lile pipa la rangi ya zambarau la kiwandani, na bitiruti ni mikono yangu ya zamani. Nakula kwa macho na masikio. Ndivyo vilivyobaki."

Daktari anajua, binti anajua. Daktari kasema ladha huenda ikarudi, huenda isirudi. Watu wote wanajua isipokuwa anayelala naye kitanda kimoja.

Nikaenda zangu. Nilipiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Hata ndoo.

Alhamisi, tarehe 3

Hasira bado ipo ila haina pa kukaa. Nikimkasirikia yeye, namwona anameza chumvi ile kijiko kwa kijiko kwa sababu nilimwamuru. Nikiyakasirikia mafua, yamekwishaondoka, hayakuacha anwani. Nimebaki na shemeji.

Kaja leo bila kuitwa, si Jumapili. Kasema, "Shemeji, nikuonjee mimi?" Kanyoosha mkono wake wa fundi saa, una mafuta ya mashine. Nikautazama.

"Mkono huo nikiutilia mchuzi utaanza kusema saa."

Kacheka. Lakini alikuwa haondoi mkono. Nikapika uji, nikamtilia tone. Kasema bado. Kwa sauti ya kujidai, kama amezaliwa na hilo neno. Nikatia chumvi. Nilichukia kila punje.

Uji ulikuwa sawa. Simwambii.

Ijumaa, tarehe 4

Nimechukua karoti moja nikaenda kuila nyuma ya ukuta, watu wasinione. Meno yangu manne yamefanya mkutano. Nimetafuna mpaka taya likauma, nimefumba macho, nikaziba pua kwa vidole ili nisikie anachosikia yeye.

Kelele tu. Kelele ndani ya kichwa, na baridi kidogo ya udongo. Hicho ndicho chakula cha mke wangu.

Nilipofumbua macho mbuzi alikuwa ananitazama.

Jumapili, tarehe 6

Jua, na mvua nyembamba ndani ya jua.

Nimenoa kisu changu cha kantini. Hicho kisu kilikuwa kinakata kabichi gunia zima mpaka wengine wanasema ni mashine, na meneja alikuja na wageni kukitazama. Nikakata karoti nyembamba, unasoma gazeti upande wa pili. Figili nikazifungua kama maua, bitiruti nikaikata nyuzi, kabichi ya zambarau nyuzi, hoho la manjano nyuzi, nikazipanga sahanini rangi kwa rangi kama nilivyokuwa naona uzi ukining'inia chumba cha rangi nikipita na ndoo yangu ya chai. Njegere nikazimwaga katikati. Shemeji na binti wamekaa kimya, na ukimya wa shemeji ni jambo la kuwekewa tarehe.

Nikachukua kipande cha figili. Nikamwita. Kaja anafuta mikono.

"Lete mkono."

"Mzee, mimi siwezi tena..."

"Nimesema lete mkono, sikusema lete maneno."

Kaunyoosha. Nikakiweka kile kipande mgongoni mwa mkono, palepale. Nikamtazama mdomoni, kama alivyosema huwa namtazama. Kakitia mdomoni. Katafuna. Kainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza mlango.

Macho yakamjaa, lakini mdomo ukakunjamana, ule mkunjo wa kwenye foleni ambao sijauona tangu baridi.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Imelala. Hii uliing'oa jana, ukaiacha mezani. Hailii. Kang'oe nyingine sasa hivi, na uitie kwenye maji baridi kabla hujakata."

Shemeji kaangua kicheko mpaka kikombe kikamwagika. Mimi, niliyelisha kiwanda kizima, naambiwa figili bado. Nikalichukua lile jembe, nikatoka kwenye mvua na viatu vyangu vizuri, nikatukana tope, nikatukana mbuzi, nikatukana ukoo mzima wa figili kuanzia mbegu, sauti ikifika mpaka barabarani. Na kila nikigeuka namwona kasimama mlangoni, mkono kaushika vilevile, umenyooka, ananingoja.